Breki za Korosho

Jumamosi, 2 Oktoba 1993

Leo Bi Mdogo ameingia gulioni bila kupiga hodi.

Bi Mdogo ni lori letu. Jina alilitoa Mama. Anasema Baba hulala chini ya lile gari mara nyingi kuliko anavyolala ndani, basi nalo lihesabiwe mke. Muhidini, dereva wetu, alikanyaga breki mapema kabisa, pale penye wauza mihogo. Gari likalia kama bati linaloburuzwa juu ya saruji, likavuta kulia, likasimama ndani ya banda la mitumba. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Muhidini alishuka na koti la manyoya limemkaa kichwani. Koti la baridi ya Ulaya! Kibiti! Akawa anaomba radhi kwa watu akiwa nalo hivyo hivyo, kwa heshima zote.

Jioni Baba ametuita sebuleni. Baba hasemi sana, ndiyo maana akisema tunaogopa. Amesema Jumapili ijayo anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Dar. Kama gari litakuwa linasimama, na linasimama sawa, bila kwenda kulia wala kushoto, haliuzwi. Na atakayelitengeneza ndiye atakayelisimamia msimu huu mzima wa korosho. Vinginevyo linauzwa kwa kilo.

Msimu mzima! Siku hizi kila kitu ruksa. Mwenye mizani ananunua korosho, mwenye lori anaheshimiwa kama kadhi. Na mimi je? Nimemaliza kidato cha sita, fizikia na kemia, na huu ni mwaka wa pili nachambua mchele. Nikishindwa hili, Mama ataendelea kunitafutia ukarani au mume, chochote kitakachotangulia.

Mpinzani ninaye mmoja. Miraji, mtoto wa shangazi Mwanahawa. Aliwahi kuwa utingo Temeke, akarudi na miwani ya jua ambayo haivui hata akiwa chumbani. Ameniambia, Muzdalifa, hebu kalete chai, wanaume waongee breki. Siwezi kumkasirikia. Mtoto wa shangazi ni mtani. Atakalosema, atakalochukua, mimi natakiwa nicheke. Ndiyo desturi. Ni nani aliyeitunga? Bila shaka mtoto wa shangazi wa mtu.

Nimeleta chai. Ya Miraji nimetia chumvi. Akainywa yote, akasema imekolea.

Jumapili, 3 Oktoba

Nimekesha kwa fikra. Gari linavuta kulia. Usukani uko kulia. Muhidini anakaa kulia. Muhidini ni mtu mnene.

Imekuwa wazi mno hata nikaona aibu kwa niaba ya familia. Miaka yote hii hakuna aliyefikiri!

Asubuhi nimefanya jaribio. Nilihitaji uzito wa kushoto unaolingana na Muhidini. Nikamwomba shangazi Mwanahawa apande, nikamwambia tunataka kumpunguzia mwendo wa kwenda msibani Mtunda. Hakuna msiba Mtunda. Shangazi alipanda na khanga zake na uso wa huzuni. Nyuma kushoto nikapakia magunia ya mchanga, kwa uhakika zaidi. Muhidini akaendesha taratibu, akakanyaga breki.

Likavuta kulia.

Shangazi aliuliza marehemu ni nani. Nikasema amepata nafuu.

Muhidini ana nadharia yake. Anasema gari limezoea. Kila siku linakata kulia kwenda kwake kula, sasa likisikia breki linadhani ni saa ya chakula. Nimemwambia chuma hakina mazoea. Akanitazama kwa huruma, akasema, we binti hujaishi na gari. Miraji alikuwa ameegemea ukuta na miwani yake. Akasema tatizo ni usukani. Baadaye akasema ni springi. Baadaye akasema ni wanawake kupanda mbele.

Nimecheka, kama desturi inavyotaka. Taya zinaniuma.

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimebadili mbinu. Nimeacha kufikiri, nimefungua gurudumu la mbele.

Nilivaa suruali ya mazoezi ya shule chini ya gauni. Jeki, spana, Muhidini akikalia mpini wa spana mpaka nati zikalegea. Hatimaye uzito wake umepata kazi. Tukagonga dramu la kulia, lile sufuria la chuma linalofunika breki, likatoka na vumbi jeusi. Ndani zimo breki shuu, vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, na juu yake hubandikwa laini, ule ukanda mgumu unaosugua dramu gari lisimame. Laini hazipo! Zimelika mpaka kwenye ribiti, zile pini za kuzishikizia. Ribiti ndizo zilizokuwa zikikwangua dramu na kupiga ule ukelele gulioni.

Tukafungua la kushoto. Huko laini nazo zimebaki nyembamba, na isitoshe zimelowa. Mpira wa silinda umepasuka, mafuta ya breki yanavuja juu yake. Kitu kilicholowa mafuta hakishiki. Kwa hiyo kulia kunashika kwa ribiti, kushoto kunateleza, gari linaenda kulia.

Nimekaa chini kwenye mchanga, nimefurahi hadi machozi. Ugonjwa umejulikana! Nimeugundua mimi! Miraji aliyesimama kando akasema, ahaa, si ndivyo nilivyosema tangu jana? Muhidini akasema ndivyo. Kisha akasema hata yeye ndivyo alivyosema.

Nikaingia ndani kunawa. Niliporudi, shuu za kushoto hazipo. Miraji amezichukua. Ameacha salamu kwa Muhidini kwamba yeye mtani wangu amezikamata, na kesho anapanda basi kwenda Dar kutafuta laini zake kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Kama nataka kukasirika nikasirike.

Nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Amebakiza za kulia. Basi. Yeye na gurudumu lake, mimi na langu. Tutaona.

Jumanne, 5 Oktoba

Jambo kubwa limetokea ndani ya kichwa changu. Nitaliandika kwa utulivu.

Nimekumbuka ukurasa wa kitabu cha kemia tulichokisoma shuleni. Kinasema mafuta ya ganda la korosho, yale meusi yanayounguza mdomo, hupikwa viwandani huko nje yakageuka utomvu mgumu usioogopa moto. Na matumizi yake? Laini za breki!

Nimelazimika kusimama. Nimezunguka chumba.

Yaani sisi Kibiti tunauza korosho. Korosho inavuka bahari. Ganda lake linageuzwa breki. Breki inarudi Dar, Miraji anapanda basi kwenda kuinunua akiwa na miwani. Na ganda lilikuwa hapa hapa, uani kwetu, chini ya kuku! Huu ndio ukombozi wa uchumi wanaouimba redioni, ila hakuna aliyeuanza. Nitauanza mimi, kwenye jiko la Mama.

Mchanganyiko nimeutafakari hivi: mafuta ya ganda kwa kushikamanisha, nyuzi za makumbi ya nazi kwa uimara, majivu ya mkoko kwa ukali, na unga wa shaba ili laini zisishike joto sana. Mafundi wa huko hutia shaba. Shaba ninayoifahamu ni moja tu, sinia la Mama alilokuja nalo harusini. Nimelipiga tupa ukingoni mwake, kidogo kidogo, mzunguko mzima. Mama hatagundua. Lilikuwa duara na bado ni duara.

Jumatano, 6 Oktoba

Ushindi wa kiasi.

Nimekaanga korosho mbichi kwenye debe lenye matundu. Mafuta yakadondoka kwenye sufuria ya chini. Mengine yakashika moto. Debe lote likashika moto. Moshi ule si moshi wa kawaida, unakaa kooni kama mtu. Kuku wamehamia kwa jirani na hawajarudi. Baba alipita akikohoa, akauliza ninapika nini. Nikasema, breki, Baba. Akaenda zake msikitini.

Nikachanganya kila kitu kwa mikono, maana mwiko ulinasa. Nikabandika kwenye shuu moja na kuioka kama mkate wa kumimina, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Ilipopoa, nimeipiga kwa jiwe. Haikuvunjika. Nimeipiga kwa mchi. Haikuvunjika! Nimeisugua kwenye ngazi, saruji ndiyo iliyolika.

Tatizo la kwanza: maganda yamekwisha na shuu ya pili bado. Nahitaji maganda mengi.

Tatizo la pili: vidole vyangu. Vimekuwa vyeusi tii mpaka viganjani, vinawaka kama pilipili, na sabuni haivisogezi. Magadi hayavisogezi. Nimejaribu ndimu nikapiga ukelele, Mama akadhani nyoka.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimeamka na vidole vyeusi vile vile, vinang'aa. Nikatoka uani kufagia. Shangazi Mwanahawa alikuwa amekuja kuomba moto wa kuwashia jiko.

Akaviona vidole. Akaweka kifuu chake chini. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaunusa. Akapiga kigelegele kimoja kirefu hadi nikaziba sikio.

Sikuelewa mara moja. Kwetu msichana hapaki piko. Piko, ile rangi nyeusi ya vidoleni, ni ya bibi harusi. Na Miraji ameondoka ghafla kwenda Dar bila kumwambia mama yake anachokwenda kununua. Shangazi akajumlisha. Akasema, kumbe! Kumbe utani wote ule! Haya, nyie watoto wajanja, mmeanza na piko hata barua ya posa haijaandikwa! Akamwita Mama. Mama akatoka na unga mikononi, akaviona vidole, akakaa juu ya kinu akalia. Akasema alijua tu, kwa jinsi nilivyokuwa nikicheka peke yangu wiki hii nzima.

Nilifungua mdomo nikanushe. Wallahi nilifungua.

Wakati huo huo shangazi akasema kesho atawaleta wanawake wa Dimani na wa hapa mtaani, waje kukaanga na kubangua korosho za vitafunio vya harusi. Gunia zima. Mawili, ikibidi.

Nikafunga mdomo.

Nimejichunguza nafsi jioni hii kwa ukali. Je, nimesema uongo? Sijasema neno. Je, kunyamaza ni uongo? Mwanafunzi wa fizikia hutumia nguvu iliyopo. Maji yakishuka mlimani humwulizi nani aliyeyamwaga, unaweka gurudumu. Nimeridhika na jibu hili. Nililala dakika chache mchana, kisha nikaota Miraji amevaa kilemba na miwani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Wanawake wamejaa uani kwetu. Madebe matatu yanafuka. Wamejifunga khanga midomoni, wanabangua, wanaimba, wananitania. Mmoja akasema bibi harusi gani huyu anakusanya maganda badala ya kokwa? Mwingine akasema mwache, anajizoesha, mume mwenyewe ganda tupu. Wamecheka mpaka debe likaungua. Shangazi akasema atakayemwita mwanawe ganda atapika pilau peke yake.

Mimi nilikuwa na ndoo, nazoa. Kila nikichukua ganda wanasema, tazama anavyoona haya, hawezi hata kukaa na watu.

Shuu ya pili nimeioka. Nzuri kuliko ya kwanza. Nyeusi, nzito, inanukia. Nimezitia zote mbili chini ya kitanda changu, nimezifunika kwa khanga mpya aliyonipa shangazi. Ilikuwa hiyo tu ya karibu.

Alasiri Miraji amerudi na boksi. Wanawake walipomwona na boksi, uani kote vigelegele. Amesimama mlangoni na miwani yake, hajui pa kutazama. Mmoja akamnyang'anya boksi alifungue waone vyombo vya bibi harusi. Ndani mna laini za breki, ribiti na mipira ya silinda.

Mmoja akainua kipande cha laini, akakinusa.

Kisha shangazi akasema, kwa sauti ndogo, siku hizi vijana hawanunui tena vitanda. Mama akasema, basi ni wakweli, wanaanza na cha kazi. Vigelegele upya.

Miraji amenivuta hadi kando ya choo. Anauliza ni balaa gani hili. Nikamwambia anyamaze hadi gari lijaribiwe, kwani wanawake wakiondoka leo, nani atatupikia kesho? Akafikiri. Yeye ni mtu wa tumbo. Akanyamaza. Kisha akaiona mikono yangu, akasema inanuka moto wa jahannamu na kwamba angeoa lile lori kwanza.

Nimecheka. Safari hii nusu ilikuwa kweli, sijui kwa nini. Sitaichunguza.

Jumamosi, 9 Oktoba

Asubuhi tumefunga. Yeye kushoto, mimi kulia, hatusemezani. Amegongelea ribiti zake kwa madaha, akatia mpira mpya wa silinda. Mimi nikavalisha zangu. Dramu liligoma kuingia, laini zilikuwa nene. Nikazipiga tupa kidogo, nikaliingiza kwa nyundo. Muhidini akakanyaga pedali, tukatoa upepo kwenye mabomba, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Miraji alinong'ona bismillahi. Nami nikasema, kwa sauti kubwa zaidi.

Uwanja wa mpira. Mji mzima. Baba na kofia yake. Wanawake wote wa korosho wakiwa na ngoma.

Nilimwagiza Muhidini azipashe moto kwanza: aende huku amegusa breki, duru nzima ya uwanja. Laini mpya lazima zikutane na dramu, zizoeane. Miraji alisema ni upuuzi. Muhidini akanitii, kwa kuwa mimi ndiye niliyeongea mwisho. Gurudumu la kulia likaanza kufuka. Halikutoa harufu ya breki inayoungua, hata. Likatoa harufu ya korosho za kukaanga, tamu, ikatanda uwanja wote. Watu wakaanza kugeuka huku na huku wakimtafuta muuzaji.

Kisha Baba akainua mkono. Muhidini akakanyaga.

Bi Mdogo akasimama. Sawa! Sawasawa kama mstari! Hakwenda kulia. Hakwenda kushoto. Baba akavua kofia. Sijawahi kumwona Baba akivua kofia nje. Akaniangalia mimi, mimi hasa, akaguna kwa namna nzuri. Nimeishi kwa ajili ya mguno ule. Ulikaa hewani muda mfupi sana.

Baba akasema, haya, lirudisheni nyumbani.

Muhidini akatia gia. Gari likanguruma, likatikisika, likageuka kulia. Gurudumu langu halizunguki! Utomvu umepata moto, umepoa, umeshikana na dramu kuwa kitu kimoja. Bi Mdogo akaanza kulizunguka gurudumu langu kama ng'ombe wa kinu cha ufuta. Duara. Na duara jingine. Muhidini akikanyaga breki, gari linasimama sawa kabisa. Akiachia, linaendelea na duara. Amelipiga goli la upande wa magharibi, likaanguka. Alipolirudia alikuwa tayari ameinua mkono dirishani kuliomba radhi.

Wanawake wakadhani ni mbwembwe za harusi. Wakaingia na ngoma kati ya uwanja, wakacheza wakilifuata gari. Shangazi mbele.

Hatimaye dereva akazima injini. Miraji akasema lililosimama lile mwanzo ni gurudumu lake. Nikasema ni langu, lake lilikuwa linasindikiza. Baba akavaa kofia. Akasema mnunuzi anakuja kesho, na kama hana kilo za kutosha kwenye mizani, sisi wawili tupande pia.

Jumapili, 10 Oktoba

Mnunuzi wa vyuma amekuja na lori lake lenye mnyororo. Mtu mfupi, mkali, mwenye haraka. Amelifunga Bi Mdogo, akavuta. Bi Mdogo akaenda kulia. Akavuta kwa nguvu. Bi Mdogo akamzunguka, akamgonga taa. Akafungua mnyororo, akaufunga upande wa pili, akavuta. Akapoteza taa ya pili. Baba alitazama tu, ila nilimjua, moyoni alikuwa anamshangilia mkewe.

Mnunuzi akasema yeye hununua magari yaliyokufa, siyo yenye kisirani. Ameondoka bila taa na bila lori letu.

Nimesimama pale nikaelewa jambo: breki yangu imeliokoa gari! Hakuna mwingine aliyeweza kulizuia lisiuzwe. Nimemweleza Baba hivyo, kwa mpangilio, hoja kwa hoja. Baba amenisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza Miraji kama laini za Dar zimebaki. Zimebaki. Alinunua za magurudumu yote mawili, mwizi yule.

Yeye na Muhidini wamechukua mchana kutwa kubandua laini zangu kwa patasi na nyundo. Mchana kutwa! Muhidini ametokwa jasho hadi viatuni. Sifa ipi kubwa kuliko hiyo? Jioni gari limesimama sawa na limeondoka sawa. Hukumu: Miraji atalisimamia msimu mzima. Mimi nisionekane karibu na Bi Mdogo nikiwa na sufuria.

Sikulia mbele yao. Nimelia stoo, juu ya magunia ya korosho. Si kwa ajili ya gari tu. Ni kwa ajili ya ule mguno.

Baada ya isha Mama akaniuliza, basi siku ya harusi ni lini? Nikamwambia ile siyo piko, Mama, ni ganda. Vidole vimeanza kubambuka, akaona mwenyewe. Mama akaviangalia. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa sinia la shaba, akauliza kama kuna jambo lingine ningependa kusema.

Shangazi yeye amekataa kusikia. Anasema korosho zimeshabanguliwa, wakungwi wameshaambiwa, ngoma imeshawambwa. Miraji amemwapia mama yake kwamba hanitaki. Nami nikaapa simtaki. Tumeapa kwa sauti kubwa sana, kwa pamoja. Wanawake wakatazamana, wakaguna.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimebadilika. Mateso humkomaza mtu. Nimekaa siku hizi nikitafakari, na nimeona wazi kosa langu: nilitafuta kitu cha kusugua, kumbe nilikuwa na kitu cha kunasisha. Nilikuwa na gundi! Gundi bora pengine katika nchi nzima. Niliitia tu pasipo pake.

Leo Bi Mdogo amepakiwa korosho, safari ya kwanza ya msimu, yuko uani tayari. Mlango wa dereva haufunguki tangu mwaka juzi, wote huingilia wa kushoto. Na huo wa kushoto haufungi vizuri, bitana yake ya ndani inaning'inia, ukipita shimo unafunguka wenyewe. Jambo dogo. La mtu mwenye gundi.

Baba alisema sufuria. Nimekwenda na kopo.

Nilikuwa ndani nimeshapaka bitana, nimepaka na ukingo wote kwa uhakika, Miraji akaja. Akasema, toka, mchawi wa korosho, hii ni ofisi ya watu. Nikasema narekebisha mlango. Akasema mlango hauna tatizo. Nikasema una tatizo. Akaingia, akakaa karibu yangu, akavua miwani, mara ya kwanza tangu arudi Temeke kumwona macho, akasema, tazama, nikuoneshe unavyofunga, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Umefunga.

Naandika haya ndani ya Bi Mdogo. Miraji amesukuma kwa bega, kisha kwa miguu, sasa ametulia. Macho yake ni ya kawaida tu, ya rangi ya kahawia. Dirisha linashuka nusu. Mtu anaweza kutokea hapo kichwa kwanza, lakini shangazi Mwanahawa ameshafika, na wanawake wa Dimani nyuma yake, na ile ngoma. Hakuna kati yetu aliye tayari kutoka hivyo mbele yao. Baba amesimama barazani. Amevua kofia, lakini sasa anajipepea nayo.

Miraji ameuliza tutatokaje. Nimemwambia awe na subira. Gundi ni kitu cha kemia na kemia naijua. Kinachohitajika ni kuilainisha kwa moto kidogo tu.

Nimemwita Muhidini alete jiko la mkaa, aliweke chini ya mlango.